Msijifiche nyuma ya magwanda

Haya jamani, nimerudi. Najua nilikuwa kimya, kazi zimenibana na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Niko papa hapa Mombasa, na nina jambo limenikaa kooni kwa siku tatu sasa. Nikilimeza litanisonga, kwa hiyo acha nilitoe.

Juzi usiku nilikaa barazani kwa muuza kahawa wetu. Mazungumzo yalianzia kwenye bei ya unga, yakapitia mpira, na kama kawaida yakaishia kwa Al Shabaab. Kijana mmoja wa bodaboda, mtu mpole siku zote, akaweka kikombe chini kwa kishindo akasema, "Dawa ya hawa watu ni moja tu. Jeshi! Lipewe nchi nzima miezi sita, muone kama mtasikia tena bomu." Baraza zima likaitikia. Mzee mmoja tu ndiye hakuitikia. Alimwaga mashapo ya kahawa yake, akafuta midomo, akauliza: "Na hiyo miezi sita ikiisha, nani atakwenda kuwaambia basi?"

Watu wakacheka, mada ikabadilika. Mimi sikucheka. Nimelala nayo, nimeamka nayo.

Nitoe msimamo wangu mapema ili mwenye haraka aende zake. Jeshi la Kenya lina kazi katika vita dhidi ya ugaidi, na kazi hiyo iko mpakani, na ng'ambo ya mpaka pale Bunge linaporidhia. Lakini ndani ya miji yetu na vijiji vyetu, gaidi hazuiliwi na kifaru. Anazuiliwa na mpelelezi anayelipwa vizuri, karani asiyekula rushwa, na raia asiyeogopa kupiga simu kwenye kituo cha polisi. Hayo matatu yakitushinda, viongozi wetu wanaita jeshi. Tukiona magwanda barabarani tunatulia, na hakuna anayeulizwa kwa nini yale matatu yalitushinda.

Kabla hamjaanza kunitukana, mjue kwamba mimi si adui wa wanajeshi. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alivaa gwanda hilo mpaka akastaafu. Pensheni yake ndiyo iliyonilipia karo kidato cha tatu na cha nne. Ninayoyaandika hapa nusu yake nimeyasikia kwake, tena yeye ni mkali kuliko mimi.

Tuanze na Westgate, maana hapo ndipo wengi wetu wa rika langu tulipofunguka macho. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na mwalimu wa zamu alituruhusu tukae ukumbini kuangalia runinga. Tuliangalia siku nne! Wenye kumbukumbu nzuri watakumbuka kwamba waliotangulia kuingia mle ndani walikuwa polisi wachache wasiovaa sare na raia wenye bunduki zilizosajiliwa. Hao ndio waliowatoa watu kwa makumi. Baadaye kikaja kikosi cha Recce cha GSU, ambacho kazi yake hasa ndiyo hiyo, kuingia kwenye jengo lenye mateka. Kisha likaja jeshi. Vikosi viwili ndani ya jengo moja, bila amri moja, bila mawasiliano ya pamoja. Afisa mmoja wa Recce akauawa kwa risasi za upande wetu wenyewe. Recce wakatoka, jeshi likabaki.

Yaliyofuata kila mtu anayajua. Milipuko, moshi mweusi, na waziri wa usalama wa wakati huo, Joseph Ole Lenku, akituambia kwamba magaidi wanachoma magodoro. Sehemu ya nyuma ya jengo ikaporomoka. Tukaambiwa magaidi ni kati ya kumi na kumi na tano. Walikuwa wanne. WANNE! Watu 67 waliuawa. Halafu zikatoka picha za kamera za usalama, askari wakitoka dukani na mifuko ya plastiki, na Mkuu wa Majeshi wa wakati ule, Jenerali Julius Karangi, akatueleza kwamba walibeba maji. Baadaye jeshi lenyewe likasema askari wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa wizi. Sijui hao wawili waliiba maji ya aina gani.

Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi. Tume hiyo haikuundwa. Kamati ya Bunge ikaandika ripoti yake, na Bunge lenyewe likaikataa mwaka 2014. Basi, kesi imekwisha, endeleeni na maisha.

Nilimuuliza mjomba kuhusu siku zile. Hakupenda kuzungumza, lakini siku moja baada ya chakula akaniambia, "Sikiliza mwanangu. Sisi tulifundishwa kwamba adui yuko mbele. Kilicho mbele yako unakipiga mpaka kinyamaze. Sasa mle ndani mbele yako kuna mama chini ya kaunta, kuna mtoto amejifanya amekufa, na kuna mmoja mwenye bunduki. Ukinipeleka mimi mle, umenionea mimi na umemwonea yule mtoto." Kisha akaomba chai. Sijapata kusikia mchambuzi wa usalama runingani akilisema jambo hili vizuri zaidi.

Mtu ataniambia, hilo ni kosa la mara moja, tukajifunza. Haya, twende Garissa.

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Mjini Garissa kuna kambi ya jeshi. Askari walifika, wakazunguka chuo. Lakini kikosi chenye ujuzi wa kuingia mabwenini kilikuwa Nairobi, zaidi ya kilomita 350. Waandishi wa habari waliotoka Nairobi kwa gari walifika kabla ya Recce! Naomba usome tena sentensi hiyo. Wenye kalamu na kamera walifika kwa barabara kabla ya wale ambao nchi inawalipa kwa kazi hiyo. Walipofika na kuruhusiwa kuingia, jioni, kazi haikuwachukua hata saa moja. Lakini watu 148 walikuwa wameshakufa, 142 kati yao wanafunzi.

Kwa hiyo hapakukosekana jeshi. Jeshi lilikuwapo, karibu, tena mapema. Kilichokosekana ni ndege ya kuwachukua Recce kwa wakati, na mtu mwenye mamlaka ya kusema "ondokeni sasa hivi". Kilichokosekana pia ni polisi wa kutosha langoni, na tena tetesi zilikuwapo. Siku chache kabla yake, vyuo vikuu vilikuwa vimewatahadharisha wanafunzi kwamba kuna tishio.

Sasa nataka tuwaangalie hao waliofanya haya, kwa sababu hapo ndipo hoja ya kijana wangu wa bodaboda inapoanguka kabisa.

Mmoja wa wale wanne wa Garissa alikuwa kijana aliyesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu katika kaunti ya Mandera, na baba huyo alikwenda mwenyewe kwa wakubwa kuripoti kwamba mwanawe amepotea na anahofia amevuka kwenda Somalia. Fikiria uzito wa jambo hilo. Mzazi, tena mtumishi wa serikali, amemtaja mwanawe. Hiyo ndiyo habari ambayo idara yoyote ya upelelezi duniani ingelipa fedha nyingi kuipata, na sisi tuliipata bure.

Na mmoja wa waliovamia hoteli ya DusitD2, Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, alikuwa Mkenya, mtoto wa mwanajeshi. Ndiyo, wa KDF. Alipanga nyumba Muchatha, kaunti ya Kiambu, akaishi na majirani kama wewe na mimi. Siku chache kabla ya shambulio vyombo vya nyumba yake vilitangazwa mtandaoni kwamba vinauzwa. Ndugu msomaji, niambie, bunduki kubwa ya jeshi ungeielekeza wapi hapo? Kwenye tangazo la kochi?

Hapo Dusit lakini tulifanya vizuri zaidi, na ni haki kusema. Polisi waliongoza, amri ikawa moja, Recce wakaingia mapema. Watu kama 700 waliokolewa, na asubuhi ya pili Rais akatangaza kwamba imekwisha. Watu 21 wasio na hatia walikufa, na hilo si jambo la kushangilia. Lakini linganisha na siku nne za Westgate. Nchi ni ile ile na adui ni yule yule. Safari hii kazi ilipewa wenye kazi.

Na baada ya moshi kuisha, nani aliyewafuata waliobaki? Wapelelezi na waendesha mashtaka. Kesi ya Garissa, mwaka 2019, watu watatu walitiwa hatiani, mmoja wao Mtanzania aliyepewa kifungo cha maisha. Kesi ya Westgate, mwaka 2020, wawili wakahukumiwa miaka 33 na miaka 18, na ushahidi mkubwa ulikuwa wa simu, nani alizungumza na nani. Kesi ya Dusit, Juni 2025, wawili wakapewa miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia wapangaji kwa fedha na kwa hati za utambulisho za kughushi.

Hati za kughushi! Hapo nasimama kidogo. Hapa pwani na kule kaskazini mashariki, kupata kipande ni safari. Kwa miaka mingi kijana wa Kisomali au Mwislamu wa pwani alikuwa akipelekwa mbele ya kamati ya kumhakiki, alete wazee, alete kipande cha babu yake, arudi mwezi ujao. Ilikuwa mpaka Februari 2025 ndipo Rais Ruto akatangaza Garissa kwamba uhakiki huo wa watu wa mipakani ukome. Wakati wote huo mwenye fedha na nia mbaya alijua mlango wa nyuma uko wapi. Mwenye haki alisukumwa, na mwenye bomu akanunua karatasi. Sasa karani anayeuza karatasi hiyo utampeleka kifaru?

Hata mashambulio ya 7 Agosti 1998, niliyoyakuta kwenye hadithi za wakubwa maana nilikuwa mtoto wa kunyonya, yaliishia wapi? Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wanne walitiwa hatiani New York mwaka 2001 na kufungwa maisha, na kilichowafunga ni ushahidi uliokusanywa na wachunguzi mtaa kwa mtaa.

Nasikia mtu ananiambia, wewe kijana unasahau mpaka. Sisahau. Septemba na Oktoba 2011, watu walitekwa Kiwayu, wakatekwa Manda, wakatekwa hata kambini Dadaab. Lamu ikabaki na hoteli tupu, manahodha wakafunga mashua. Tarehe 16 Oktoba 2011 jeshi likaingia Somalia, operesheni tukaiita Linda Nchi, na mwishoni mwa Septemba 2012 Kismayo ikatoka mikononi mwa Al Shabaab. Hiyo ni kazi ya jeshi. Mji wenye bandari, wenye wapiganaji wanaokusanya ushuru, hukombolewi na polisi wa trafiki. Ningekuwa mkubwa wakati ule, nadhani ningeunga mkono. Nimefikiri sana juu ya hili na bado sijabadilisha mawazo.

Lakini kumtuma mtu vitani kuna deni lake, na deni hilo sisi hatulipi.

Tarehe 15 Januari 2016, kabla jua halijapanda, kambi ya jeshi letu huko El Adde, Somalia, ilivamiwa na kuzidiwa. Ni askari wangapi walikufa? Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema karibu 200. Jeshi letu likakanusha. Shirika la habari la CNN likahesabu, likasema wasiopungua 141. Na serikali ya Kenya ilisema wangapi? Haijasema mpaka leo. Tangu Januari 2016! Tumemchagua Rais mara mbili tangu wakati huo, au mara tatu ukihesabu ile ya marudio, na idadi ya waliokufa kwa ajili yetu haijatangazwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, kambi ya Kulbiyow nayo ikavamiwa, tukaambiwa askari tisa, adui akasema zaidi ya hamsini, na raia akaachwa achague amwamini nani. Nchi gani inamlazimisha mwananchi kulinganisha neno la jeshi lake na neno la adui kama mtu anayelinganisha bei sokoni?

Na waliojaribu kuhesabu walifanywa nini? Mwaka ule wa El Adde mwanahabari mmoja na mwanablogu mmoja walikamatwa kwa yale waliyoyaweka mtandaoni. Waziri akatuonya tusisambaze picha. Picha za maiti mimi pia sizipendi, familia zina haki ya kusikia habari kwa heshima. Lakini heshima kwa maiti haihitaji kuficha hesabu.

Mimi mwenyewe niliwahi kukutana na ukuta huu. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya kazi katika chumba kimoja cha habari, nilipewa kuandika kumbukumbu ya El Adde. Nikaandika aya sita. Nikaweka makadirio yote, nikataja aliyeyatoa na aliyeyakanusha. Mhariri akasoma, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu mguu si wake. Aya tano zikakatwa. Ikabaki moja: mashujaa wetu walijitoa mhanga kwa ajili ya taifa. Nikamuuliza, mashujaa wangapi, kaka? Akasema, "Wewe andika mashujaa. Idadi utaijua ukizeeka." Sina ugomvi naye, alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini tangu siku hiyo kila nikisikia neno "mashujaa" bila idadi mbele yake nashtuka.

Kuna jambo lingine linalofichwa na neno hilo hilo. Novemba 2015 kundi la Journalists for Justice lilitoa ripoti iliyodai kwamba baadhi ya watu jeshini wananufaika na biashara ya sukari na mkaa kupitia Kismayo. Jeshi lilikana vikali. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa nao walikuwa wameshaandika kwamba mkaa, uliopigwa marufuku kwa sababu unamtajirisha Al Shabaab, ulikuwa bado unapakiwa bandarini Kismayo wakati mji uko mikononi mwa vikosi vyetu na washirika wetu wa Somalia. Sisemi nani mwizi, mimi si hakimu. Nauliza tu ni lini Bunge lilikaa hadharani likawaita wakubwa wa jeshi, likafungua vitabu, likatuambia ni kweli au ni uongo. Askari aliyelala kwenye handaki kambini ana haki ya kujua kama adui anayempiga kombora anagharamiwa na gunia lililopita mbele ya lango lake.

Sasa turudi nyumbani, maana yule kijana alisema "nchi nzima".

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 241, imeandika mambo matatu kuhusu majeshi, tena kwa lugha rahisi. Kwanza, kazi yao ni kulinda uhuru wa nchi na mipaka yake. Pili, watasaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, na wakipelekwa huko lazima taarifa ifike Bunge la Taifa. Tatu, wanaweza kupelekwa kurejesha amani mahali penye machafuko ndani ya nchi, lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Walioandika hivyo hawakuwa wajinga, walikuwa na kumbukumbu. Walikumbuka Wagalla, Wajir, Februari 1984, ambako watu walikusanywa kwenye uwanja wa ndege kwa jina la usalama. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Wenyeji wakasema ni mamia kwa mamia, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano baadaye ikasema huenda walikaribia elfu moja. Kumbe idadi iliyofichwa si jambo la El Adde peke yake...

Angalia mlango wa pili na wa tatu wa kifungu hicho. Wa tatu una kufuli, idhini ya Bunge kwanza. Wa pili umeegeshwa tu, unaingia halafu unatoa taarifa. Tarehe 25 Juni 2024, siku ile vijana walipoingia bungeni kupinga Mswada wa Fedha, jeshi liliitwa barabarani. Tangazo la serikali lilitumia mlango gani? Wa pili, wa dharura! Bunge likaidhinisha kesho yake, jambo likiwa limeshafanyika. Mahakama Kuu ikaliruhusu jeshi libaki, lakini ikaitaka serikali itaje litakuwa wapi na kwa muda gani. Na mwaka 2025 baadhi ya vijana waliokamatwa kwenye maandamano wakapelekwa mahakamani kwa mashtaka ya ugaidi. Umeona njia inavyokwenda? Tulizoea kuona deraya mjini kwa sababu ya magaidi. Tulipokwisha kuzoea, deraya ikaja kwa ajili yetu, na neno "gaidi" likaja nayo.

Ndugu yangu wa bodaboda, wewe una miaka 23. Kwenye miezi sita yako, wa kwanza kusimamishwa usiku ukaambiwa ulale kifudifudi ni wewe. Wanaume wengine barazani hupita saa tatu usiku wakalala. Wewe riziki yako iko barabarani saa sita.

Na siyo jeshi tu, nisiwe mnafiki. Polisi nao, tukiwapa msako wa kukamata kila mtu, wanaharibu vile vile. Aprili 2014 tulifanya Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa, wengine wakafungiwa kwenye uwanja wa Kasarani, uwanja wa mpira! Miezi miwili baadaye, Juni 2014, Mpeketoni ikavamiwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Novemba lile basi la Mandera, 28. Desemba wachimba mawe, 36. Tulijaza uwanja lakini hatukuzuia hata moja. Tulichofanikiwa ni kumfundisha mama mwenye duka Eastleigh kwamba akimwona mgeni wa ajabu kwenye jengo lake ni salama zaidi anyamaze, kwa sababu akienda kituoni atarudi bila simu na bila fedha.

Kisha tazama tarehe 21 Desemba 2015, basi lingine la kwenda Mandera, karibu na El Wak. Wenye bunduki wakapanda, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, aliwaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Akapigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hapakuwa na askari ndani ya basi lile. Waliolilinda ni watu ambao serikali yao yenyewe, mwaka mmoja na nusu nyuma, iliwaangalia kama watuhumiwa.

Fedha zipo, nakuhakikishia. Mwaka 2015 tulianza kujenga ukuta, baadaye ukawa uzio, kwenye mpaka wa karibu kilomita 700. Zilijengwa kilomita chache tu. Mwaka huo huo, Septemba, tukaingia msitu wa Boni na operesheni ambayo tuliambiwa itakuwa fupi. Waulize watu wa Lamu ufupi wake. Wakati huo polisi wa kituo cha kijiji anaazima pikipiki ya mwananchi kwenda kuangalia tukio, na mafuta anawekewa na mlalamikaji. Nimeliona kwa macho yangu, tena si mara moja. Mwananchi huyo aliyeweka mafuta ndiye tunamtarajia kesho apige simu kusema kuna watu hawaeleweki wamepanga chumba cha nyuma.

Nilimsomea mjomba rasimu hii jana kwa simu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimekosea sehemu moja, nimewahurumia sana wanasiasa. Akaniuliza pia kama sina woga. Nikamwambia ninao. Akasema vizuri, basi idadi zako zihakiki mara mbili. Nimezihakiki.

Leo usiku nakwenda barazani. Nimechapisha Kifungu cha 241 kwenye karatasi moja, herufi kubwa, maana yule mzee wa kahawa macho yake si mazuri na ameshasema anataka kukisikia neno kwa neno. Yule wa bodaboda nimempigia, amesema atakuja akimaliza kupeleka abiria wa saa mbili. Mwenye hoja tofauti na yangu aandike bila kuogopa, nitamjibu. Matusi nitayafuta.